Ukoko wa Shangazi

Sheria ya kwanza pale kazini ilikuwa kwamba mwonjaji haambiwi anakwenda kula wapi mpaka pua yake ifike. Ya pili, huonji chakula cha ndugu yako. Kiherehere alizikariri zote mbili siku ya kwanza na akazicheka zote mbili, maana alikuwa na wiki tatu tu kazini na bado haamini kwamba kuna watu duniani wanalipwa ili wale.

Hilo jina alipewa nyumbani kabla hajaota meno, na miaka mitatu ya chuo, akisomea mambo ya lishe, haikulitoa. Habari ikimwingia sikioni ilikuwa lazima itokee mdomoni, tena mbio. Ndiyo maana kunyamaza kuhusu kazi hii kulikuwa kunamchoma kama pilipili kwenye jicho. Nyumbani walijua anafanya "ofisi ya vitabu." Basi.

Kweli, kitabu kilikuwepo. Kidogo, cha kuingia mfukoni, kinatoka mara moja kwa mwaka, na ndani yake kuna vibanda na mikahawa midogo ya watu waliokuja mjini na vyakula vya kwao: wa milimani, wa ng'ambo, wa upande wa pili wa mpaka. Hoteli kubwa hazimo. "Wakishatandika kitambaa mezani, sisi tunapita," bosi mama alipenda kusema.

Siku hiyo alikuwa anatembea na Kijiko. Huyu ndiye mwonjaji mkuu, mtu wa makamo, mrefu, mkimya kama kabati, na kila aendako ana kijiko chake mwenyewe kwenye mfuko wa shati, amekifunga na leso. Vijiko vya vibandani, alisema, vina ladha ya sabuni.

"Leo tunamalizia mahali pamoja," alisema wakivuka barabara. "Mimi nimeshakwenda mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Mwenzangu tumbo limemlaza, kwa hiyo ni wewe."

"Nimefurahi kweli mzee wangu! Tena sijala tangu jana jioni, yaani hapa nilipo naweza kula mpaka—"

"Usifurahi. Kaza mwendo. Fomu zinatakiwa kwa bosi saa kumi, kitabu kinakwenda kwa mchapaji."

Walipita maduka ya vipuri, wakapita mafundi cherehani. Kijiko akauliza bila kugeuka, "Ukifika mtaa usioujua, una njaa, vibanda kumi viko mbele yako. Unaingia kipi?"

"Chenye foleni."

"Foleni inadanganya. Labda mpishi mzito. Labda binti anayepakua ni mrembo. Tena?"

"Namuuliza mlinzi. Walinzi wanashinda hapo, wanajua."

"Hapo afadhali. Mimi naangalia sahani zikirudi. Ikienda mezani kila sahani imependeza. Iangalie ikirudi kwenye karai la kuoshea, imebaki na nini."

Kiherehere akacheka, akataka kusema kitu, na hapo hapo wakakata kushoto kwenye karakana za wachomeleaji. Kicheko kikamkaukia.

Kona hii aliijua. Alikuwa anaipita kila Jumapili tangu ana miaka kumi na minne.

"Mzee," alisema polepole, "tunakwenda hapa kwenye vibanda?"

"Namba tisa."

Namba tisa. Jamani, namba tisa! Kibanda namba tisa kilikuwa cha shangazi yake, dada yake baba, tumbo moja. Shangazi aliolewa na mtu wa mbali, akajifunza kupika wali wa kwao mumewe, wa viungo, unaoliwa na mchuzi wa mtindi, na mume alipofariki akaingia nao barabarani. Watu wa kwao marehemu walikuwa wanatoka mwisho wa mji kuja kuula, wanakula wamefumba macho.

Vibanda vilikuwa kumi na vinne. Mwezi ujao ofisi ya soko inavibomoa vyote na kujenga vipya, vyenye paa la maana na bomba la maji, lakini vinane tu. Nani watabaki? Ofisi ilishasema: wale watakaokuwa kwenye kitabu. Jumapili iliyopita Shangazi alikuwa anakwangua sufuria, akaacha katikati. "Mtoto wa kaka," alisema, "mimi nikitolewa hapa sina pa kwenda. Hii sufuria nitampikia nani?" Kiherehere aligeukia karai akajifanya sabuni imemwingia machoni.

Sasa akafungua mdomo kusema ukweli. Neno lilikuwa kwenye ulimi kabisa. Kijiko akamwahi.

"Mwaka jana tulikata mahali pazuri sana kwa sababu mwonjaji wa pili hakupatikana. Saini moja haitoshi. Mimi mtu mzima, nililia."

Kiherehere akaufunga mdomo.

Lakini shida ilikuwa Shangazi mwenyewe. Shangazi hana sauti ya chini. Shangazi aliwahi kuambiwa siri ya posa, na mtaa mzima ukajua kabla ya bwana harusi. Akimwona tu mtoto wa kaka yake atapiga kelele ya jina, na kibanda namba tisa kitakuwa kimekwisha hapo hapo, mbele ya Kijiko, kwa mapenzi.

Kiherehere akainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu hakikuwa na kamba. Akatoa simu harakaharaka, akaandika: *Shangazi HUNIJUI. Nakuja sasa hivi na mtu. HUNIJUI!!!* Akatuma. Halafu ndipo akakumbuka kwamba Shangazi anasoma ujumbe kwa sauti, neno baada ya neno, kama anahutubia.

"Umeangusha nini?" Kijiko akauliza.

"Hakuna, mzee. Twende."

Vibanda vilikuwa vimejaa. Moshi, vyuma vya karakana vikilia kwa nyuma, na kila nguzo imepakwa namba kwa rangi nyekundu. Shangazi alikuwa amesimama nyuma ya sufuria mbili, kubwa na kubwa zaidi, kitambaa kichwani, mwiko mkononi. Akainua macho. Akamwona.

Mwiko ukapanda juu. Mdomo ukafunguka. Kiherehere akayatoa macho mpaka yakauma, akatikisa kichwa kidogo, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi bila mkono.

Shangazi akamwangalia yeye. Akamwangalia Kijiko. Akauangalia mfuko wa shati, pale leso ilipochungulia.

"Karibuni wateja," alisema. "Kaeni hapo benchini."

Wateja! Kiherehere alikaa. Mwanamke aliyemwogesha, aliyemtoboa masikio, anamwita mteja, tena kwa sauti ya chini. Hakujua Shangazi anayo.

Ndipo kopo moja mezani likaanza kunguruma. Shangazi alikuwa anaweka simu yake ndani ya kopo tupu la chumvi, isipate mvuke, na ujumbe ukiingia kopo zima linacheza juu ya meza. Likacheza. Likanyamaza. Likacheza tena, kwa maana simu yenyewe ilikuwa ya kukumbusha mpaka isomwe.

"Mama, simu yako," Kijiko alisema.

"Nasikia." Shangazi hakulitazama. "Aliyenitaka anajua nilipo. Wali na mchuzi, sahani mbili?"

"Mbili."

Wakati anapakua, jirani wa namba nane akatokea na koleo lake la makaa. Huyu ni Mchoma, anachoma nyama, mdomo wake unachoma kuliko jiko. Naye alikuwa anakigombea kitabu. Naye Kiherehere alikuwa anamjua vizuri sana: Jumapili mbili zilizopita walicheka pamoja mpaka akamwagikiwa na maji ya vyombo.

"Eee, leo tuna wageni wazito," alisema, akiwa amemkazia Kiherehere macho. "Dada, sura yako kama naijua."

"Sura zinafanana, kaka," Kiherehere alisema.

"Hapana, hii naijua. Si hapa hapa?" Akageukia sufuria. "Mama, au macho yangu?"

Shangazi hakuacha kupakua. "Macho yako ni moshi, baba. Nenda kawageuzie watu nyama, inaungua."

"Nyama yangu haijawahi kuungua."

"Basi leo ndiyo mara ya kwanza, maana hiyo harufu si ya nguo."

Watu wa benchi la pili wakacheka. Mchoma akageuka kuangalia jiko lake, na kweli moshi ulikuwa umebadilika rangi. Akakimbia. Lakini wakati anakimbia aligeuza shingo, akamwonyesha Shangazi kidole kimoja, cha kusema subiri.

Kijiko alikuwa haangalii hayo. Alikuwa anaangalia karai. Sahani tatu zilirudi, mbili zimefutwa mpaka rangi, moja ina mfupa tu. Akaandika kitu kwenye daftari.

Sahani zao zikafika. Wali mweupe na punje za njano, moshi ukipanda, mchuzi wa mtindi pembeni kwenye kibakuli. Kijiko akafungua leso. Sheria nyingine ni kwamba chakula hakiongelewi mezani. Kiherehere alikula kwa moyo wa mtu aliyeficha kitu kwapani. Akawa anahesabu: tonge kumi na tano, nyanyuka, shukuru, ondoka. Tonge kumi na tatu. Tonge kumi.

Kijiko chake kikagonga kitu kigumu.

*Kwaa.*

Akajua kabla hajaona. Chini ya wali, katikati kabisa ya sahani, kulikuwa na kipande cha ukoko, mpana kama kiganja, wa rangi ya kahawia, uliokauka vizuri na mafuta. Ukoko wa sufuria ya kwanza. Shangazi alikuwa anaukwangua kila siku asubuhi, anaufunika na kitambaa, na huo ulikuwa wa watu wa nyumbani tu. Marehemu ndiye aliyeuweka utaratibu huo: wali ni wa wageni, ukoko ni wa damu. Miaka minane Shangazi hakuwahi kumpakulia mtoto wa kaka yake bila kuusukumia ukoko chini ya wali. Mdomo ulikuwa umekumbuka kunyamaza. Mkono haukuambiwa.

Kiherehere akaufunika haraka kwa wali. Alichelewa.

"Hiyo ni nini?" Kijiko akauliza.

"Wali tu, mzee. Umegandana."

Kijiko akanyoosha kijiko chake, akafunua wali taratibu, akagonga. *Kwaa.* Akageukia sahani yake mwenyewe, akachimba mpaka chini. Hakuna kitu.

"Wiki iliyopita," alisema, "nilimwomba huyu mama ukoko. Niliona ameufunika pale. Nikasema nitalipa mara mbili. Akanijibu kwa heshima zote, baba, huo hauuzwi, huo ni wa nyumbani."

Pembeni kopo likacheza tena.

Kijiko akala mpaka akamaliza. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, kwamba alikula bila haraka, akafuta kijiko, akakifunga kwenye leso, akatoa fomu mbili kwenye bahasha. Moja akaijaza yeye, akatia saini. Nyingine akaisukuma mbele ya Kiherehere na kalamu juu yake.

Ilikuwa fomu ya kawaida. Ladha, usafi, kipimo, alama. Na chini kabisa, juu ya mstari wa saini, maneno ambayo Kiherehere alikuwa ameyaona mara nyingi bila kuyasoma: *Mimi mwonjaji sina undugu na mwenye mahali hapa.*

"Andika," Kijiko alisema.

Akaishika kalamu. Alama alijaza, tena bila kudanganya hata moja, maana ule wali ungesimama mbele ya wali wowote mjini. Akafika kwenye mstari. Saini moja tu. Shangazi anabaki, ana paa, ana bomba. Akainua macho. Shangazi alikuwa ameacha kupakua. Mwiko umesimama hewani na watu wa foleni wanausubiri, na midomo yake imebanwa kama mfuko uliofungwa kamba, mtu anayezuia kelele ya jina zima, ya miaka ishirini na miwili.

Angemdanganyia. Hilo ndilo lililomtisha Kiherehere. Angetia saini na angelala usingizi. Lakini Kijiko alishajua, na akichukua saini ya uongo hadi kwa bosi, namba tisa haitakatwa mwaka huu tu. Itakatwa moja kwa moja.

Akaiweka kalamu chini.

"Ni shangazi yangu," alisema. "Dada yake baba. Nilijua tulipokata kona. Nilitaka kusema nikaogopa utaondoka. Yeye hana kosa, mzee, hakujua mimi nafanya kazi gani, mimi ndiye niliyemkonyeza, na hata huo ujumbe unaolia kwenye kopo ni wangu, na—"

"Pumua," Kijiko alisema. Akaichukua ile fomu, akaichana mara mbili. "Ungetia saini, ningechana na yangu."

Na hapo bwawa likapasuka.

"Nusu saa nzima!" Shangazi akapiga mwiko ukingoni mwa sufuria mpaka foleni ikarudi nyuma. "Nimenyamaza nusu saa nzima! Mimi! Nimemwita mtoto wa kaka yangu mteja! Nimeubana mdomo huu mpaka jino limeuma, wewe unakwenda kusema?"

"Shangazi, ni ukoko! Umeniwekea ukoko!"

Shangazi akaangalia sahani. Akaangalia mkono wake wa kulia, kama mkono wa mtu mwingine.

"Nimeweka?" alisema. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na sauti ikarudi chini. "Nimejimaliza mwenyewe, basi."

Pale namba nane Mchoma alikuwa amesimama na koleo, kasikia yote. Kiherehere alisubiri amcheke. Hakucheka. "Saa ngapi sasa hivi?" alimuuliza Kijiko. "Si mpaka saa kumi? Hamna mwonjaji mwingine huko kwenu?"

"Wote wako mbali." Kijiko akatazama saa yake. Saa nane na nusu. Akakaa akifikiri, kisha akatoa simu. "Bosi," alisema, akasogea pembeni.

Alirudi baada ya dakika tatu. "Anakuja mwenyewe. Hajaonja mahali kwa miaka mitano. Anasema asipokuta chakula, hatii saini ya hewa." Akamgeukia Kiherehere. "Wewe toka kwenye benchi langu. Wewe si mwonjaji leo."

Kwa hiyo Kiherehere akaenda alipopajua: kwenye karai. Akapandisha mikono ya blauzi, akaanza kuosha. Na kila sahani aliyoiosha, alihesabu kichwa kwenye foleni. Mafundi wa karakana walikuwa wametoka kwa mapumziko, wote kwa mkupuo. Shangazi hakuweza kuwarudisha. Tangu aanze biashara hajawahi kumrudisha mwenye njaa. Kila pakuo lilishusha sufuria ya pili. Saa tisa. Saa tisa na robo. Mwiko ukaanza kugonga chini.

Bosi mama alifika saa tisa na dakika ishirini na tano, ameshika viatu vya kisigino mkononi, jasho linamtoka. Fundi wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza anaondoka na sahani yake.

"Nipakulieni," alisema, akijitupa benchini. "Nina dakika kumi."

Shangazi akainamisha sufuria. Akaiinamisha tena, kama labda wali ulikuwa umejificha. Ndani kulikuwa na kitu kimoja tu, kimeshika chini duara zima, cha kahawia, kinameta.

Hata wachomeleaji, Mungu bariki, walikuwa wamenyamaza.

"Shangazi," Kiherehere alisema kwa sauti ndogo, mikono ikichuruzika povu.

"Nasikia."

"Marehemu mjomba asingekasirika."

"Mjomba wako," Shangazi alisema, "angenifokea siku mbili. Ya tatu angeniambia nimefanya vizuri." Akachukua mwiko, akaugeuza upande wa ncha, akaanza kukwangua. *Kwaa, kwaa, kwaa.* Ukatoka mzima, kama mfuniko. Akauvunja juu ya goti, akauweka kwenye sahani, akamwagia mchuzi wa mtindi na viungo vya mwisho vilivyobaki kwenye kikaango. Akasimama nayo mbele ya bosi, mikono yote miwili.

"Huu hauuzwi," alisema. "Huu ni wa nyumbani. Kula mwanangu."

Kiherehere aligeuza mgongo. Hakuweza kuangalia. Akasugua sahani moja iliyokwisha safi, akaisugua tena, akasikiliza. Alisikia mlio wa ukoko ukivunjika. Kimya. Mlio tena, haraka zaidi. Kisha kwa muda mrefu mlio tu, na Kijiko akisema polepole, "Bosi, na mimi nionje," na bosi, mdomo umejaa, "Wewe ulishakula."

Hatua zikaja nyuma yake. Sahani ikashuka kwenye karai, mbele ya mikono yake.

Akaitazama. Hakukuwa na punje. Hakukuwa na mchuzi, hata ule mstari unaobaki ukingoni. Kidole kilikuwa kimepita duara lote.

Nyuma yake kalamu ilikuwa inakwaruza karatasi.

"Na huyu wa kuosha vyombo," bosi mama alisema akivaa viatu, "kesho saa mbili ofisini. Nitamfokea. Aje ameshakula."

Wakaondoka karibu wanakimbia, Kijiko ameibana bahasha kifuani, na kopo la chumvi likacheza tena mezani. Safari hii Shangazi akalifungua. Akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso, akavuta pumzi, na vibanda vyote kumi na vinne vikasikia.

"SHANGAZI! HUNIJUI! NAKUJA! SASA! HIVI!" Akashusha simu, akageuka. "We KIHEREHERE! Huyu ni nani ameniandikia?"